Akililia Wembe, Mpe: Namna ya Kununua Nyembe Mbovu Mnadani Ukiwa Musoma

Mtu wa Mara hauziwi ng'ombe mgonjwa. Nenda mnada wa Kirumi, wilayani Butiama, umtazame mzee mwenye fimbo na koti la mtumba akimzunguka fahali. Atamfungua mdomo amwangalie meno. Atamshika nundu, atavuta ngozi ya mbavu, ataomba aswagwe kidogo aone kama anachechemea. Muuzaji akizidisha sifa, mzee anaondoka zake, maana sifa zimemtia shaka. Akirudi anataja bei ya matusi, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Mzee huyo ana kijana wake mjini Musoma, mwenye ajira na simu ya kioo kikubwa. Saa tisa usiku kijana amejifunika shuka gubigubi ili mwanga wa simu usimwamshe mama watoto. Anapigania wembe wa kukunja wa enzi za Malkia Victoria, mpini umepasuka, makali yana pengo, na muuzaji ni mtu wa Ohio aliyeandika kwenye tangazo lake kwamba hajui chochote kuhusu nyembe. Mwongozo huu ni wa kijana. Mzee hauhitaji.

Tuelewane kwanza kuhusu bidhaa. Hatuzungumzii wembe wa dukani, ule mwembamba unaouzwa mmojammoja ndani ya karatasi yake. Tunazungumzia wembe wa vinyozi wa kale: ulimi mmoja wa chuma cha pua, mgongo mnene, makali yasiyoonekana kwa macho, umelazwa ndani ya mpini wa pembe au mti na kushikwa na pini moja. Zilizopata jina mapema zilitoka Sheffield, Uingereza, ambako Benjamin Huntsman alianza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo miaka ya 1740. Baadaye Solingen ya Ujerumani ikaja na wembe uliochimbwa mashavu pande zote mbili, mwepesi, unaolia ukiguswa na ukucha, ikajichukulia soko. Kisha mwaka 1903 Gillette wa Marekani akaanza kuuza wembe wa kutumia na kutupa. Mwaka ule wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168, biashara ambayo hata genge la Nyasho, hapa Musoma, lingeionea huruma. Lakini Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, jeshi likawagawia askari vifaa vyake kwa mamilioni, na waliorudi nyumbani hawakuwa na hamu tena ya kunoa kitu kila asubuhi kwenye mkanda. Nyembe za babu zikaingia makabatini, bafuni na ghalani, kote penye unyevu. Miaka mia moja zimekaa humo zikiliwa na kutu taratibu, zikikusubiri wewe.

Wala usione haya. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha mnada ambao sasa dunia inaujua kwa jina la eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha mwanga wa leza, kibovu, kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba kitu chenyewe hakifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kuwa yeye ni mkusanyaji wa vielekezi vibovu. Kwa hiyo ukoo wako una asili yake, na umekuwapo tangu siku ya kwanza.

Sasa tangazo. Litakuwa na picha tatu. Ya kwanza ni ya wembe uliofungwa, ya pili ni ya boksi lake, ya tatu imepigwa dirishani kwa mwanga wa nyuma, na wembe ndani yake umekuwa kivuli. Usiombe picha ya nne. Ukiiomba, muuzaji anaweza kuituma, na ukiiona utapoteza hamu ya kununua. Chini ya picha kuna maelezo, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu muuzaji wa nyembe mbovu ni mtu mkweli kuliko wengi wa wale unaofanya nao biashara. Ameandika "unauzwa kama ulivyo". Ameandika "una alama za umri". Ameandika "angalia picha, ndizo sehemu ya maelezo". Ameandika "utahitaji kunolewa". Hakuna alipodanganya. Ameeleza ugonjwa wote wa wembe wake kwa adabu, na wewe mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, umesoma mahali palipoandikwa "kutu" ukaelewa "historia". Mzee wako angesikia ng'ombe anauzwa "kama alivyo" angekuwa ameshafika kwenye nyama choma.

Ili hasara yako iwe ya kitaalamu, jifunze aina za ubovu. Kuna kutu ya juu, nyekundu, ambayo kwa mafuta na msasa laini na jioni kadhaa inatoka. Hiyo achana nayo, haina changamoto. Tafuta kutu nyeusi iliyochimba mashimo karibu na makali. Shimo halisafishiki, kwa sababu hakuna kitu ndani yake cha kuondoa. Kilichotakiwa kuondoka kimeshaondoka. Utanoa hadi ulimalize, na chini yake utakuta mwenzake anakungoja.

Kuna pengo. Pengo la nusu milimita linanoleka, kwa kuula urefu wote wa makali hadi usawa wa pengo lile. Pengo la milimita tatu pia linanoleka kwa njia hiyohiyo, mradi uwe tayari kumaliza ukiwa na wembe mwembamba kama kijiti cha meno na mikono yenye malengelenge.

Kuna ufa, huo ndio wenyewe. Ufa unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni ni kifo; wembe wa namna hiyo unaweza kumeguka ukiwa shavuni. Ufa mwingine ni mwembamba hata jicho halikamati. Vinyozi wa zamani walikuwa na dawa yake: waliugusa wembe kwa ukucha, wakasikiliza. Mzima unalia kama kengele ndogo, uliopasuka unatoa sauti ya bati. Kioo cha simu ukikigusa kwa ukucha kinakuongezea dau.

Na kuna ubovu ambao muuzaji wa Ohio hajui kama upo, ndiyo maana hakuuandika: mgongo uliolika. Wembe huu hunolewa ukiwa umelazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vikigusa kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaoamua makali yakae kwa pembe gani. Akitokea mtu mwenye nguvu na jiwe baya, akaunoa miaka ishirini kwa hasira, mgongo unalika, pembe inaharibika, na hakuna fundi duniani anayeweza kurudisha chuma kilichokwenda na maji. Ubovu huu unaonekana ukiutazama wembe kwa juu. Wauzaji wote hupiga picha kwa ubavu.

Upande wa mpini nina mambo mawili tu. Mipini mingi mizuri, yenye rangi ya asali na mawimbi, ni ya seluloidi. Ikizeeka, seluloidi huanza kuoza na kutoa mvuke wa asidi unaoula wembe ukiwa umefungwa humohumo ndani, na ukiiweka pamoja na wenzake kwenye sanduku moja, asidi inawala na wao. Tena inashika moto upesi sana. Kwa hiyo usiihifadhi karibu na jiko la mkaa, ingawa kwa upande mwingine huo ungekuwa mwisho wa haraka.

La pili si la mzaha. Nyembe za kitajiri za karne ya kumi na tisa zilivikwa mipini ya meno ya tembo. eBay ilipiga marufuku biashara ya meno ya tembo tangu mwaka 2009, lakini wauzaji wapo wanaoandika "mfupa" na kukonyeza jicho. Wewe unaishi Mara. Ukitoka Musoma kwenda Mwanza, baada ya Bunda unapita mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Serengeti, pale Ndabaka. Hebu fikiria ukimweleza askari wa wanyamapori kwamba kipande hiki cha jino la tembo hakikutoka Serengeti, kimekuja kwa posta kutoka Pennsylvania, na ulikinunua kwa ajili ya ndevu. Ni kweli tupu. Nakutakia heri ya kuithibitisha.

Umeridhika na ubovu? Sasa umri, maana wembe mbovu usio wa kale ni takataka tu. Tazama shina, ile sehemu isiyo na makali karibu na pini. Ukiona jina la nchi limegongwa hapo, huenda wembe ni wa baada ya 1891, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile inayoitwa ya McKinley, ilitaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka. Ukiona taji na herufi WR, umepata kitu: huyo ni Mfalme William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837 tu. VR ni Victoria, na Victoria alikaa madarakani miaka 63, kwa hiyo usipige vigelegele. Maarifa haya ni ya kweli na yana faida, na ndiyo yatakayokumaliza, kwa sababu kuanzia leo kila kutu utakayoiona utakuwa unaitafutia mfalme wake.

Tukiingia kwenye dau, mfumo wa mnada umewekwa kwa ajili ya watu wenye akili timamu. Unaandika kikomo chako mara moja, mashine inapandisha dau kwa niaba yako kidogokidogo hadi hapo, na wewe unalala. Usilale. Minada mingi ya Marekani huishia Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani. Saa mbili usiku ya Ohio wakati wa kiangazi chao ni saa tisa usiku ya Jumatatu Musoma, saa ambayo kwa kawaida wanakuwa macho wavuvi wa dagaa, walinzi, na mtu ambaye asubuhi ana kikao. Ngoja hadi zibaki sekunde tano, ndipo uchomeke. Bando likikata hapo katikati, hesabu hiyo ni rehema. Lisipokata, utakuta kuna mwenzako naye alikuwa anangojea sekunde zilezile, na jina lake limefichwa kwa nyota. Anaweza kuwa mkusanyaji wa Osaka. Anaweza pia kuwa mwalimu wa sekondari aliyejifunika shuka lake huko Bunda, kilomita sabini na kitu kutoka kitandani kwako, na nyinyi wawili mnampandishia mtu wa Ohio bei ya kitu alichotaka kukitupa.

Umeshinda. Tuseme wembe ni dola 18. Usafirishaji ni dola 28. Usishangae, wembe haujui kuogelea. Jumla dola 46, ambazo ukihesabu kwa shilingi 2,500 ni 115,000. Bado ushuru wa forodha, bado VAT ya asilimia 18, inayotozwa pia juu ya gharama ya kuusafirisha. Kwa pesa hizo kinyozi wa mtaani angekunyoa karibu kila wiki kwa mwaka mzima, na kukukanda kichwa juu yake bila nyongeza. Lakini huko hakuna mnada, hakuna mfalme William, na mambo yanaishia palepale kwenye kiti. Nyumbani taja bei kwa dola. "Kumi na nane" ni maneno yanayosikika vizuri mezani.

Subiri. Mzigo utashuka Dar es Salaam, utapumzika huko, halafu utaanza safari ya kilomita zaidi ya 1,300 kuja kwako. Siku ukiitwa dirishani, karani atasoma tamko la forodha, atakuinulia macho, atasoma tena.

"Kaka, umeandikiwa hapa ni wembe mbovu."

"Ndiyo, dada."

"Mbovu, umetoka Marekani."

"Ndiyo."

"Haya, saini."

Hapo niongeze jambo moja bila kutabasamu. Ukitaka kuagiza nyembe nyingi kwa mkupuo, usipange zifike Desemba. Katika mkoa huu Desemba ni mwezi ambao wasichana hukimbilia nyumba salama, ya Butiama ikiwemo, kuwakwepa ngariba wasije wakawakeketa. Mtu anayepokea furushi la nyembe majira hayo ataulizwa maswali, na ni haki kabisa aulizwe.

Kunoa ndiko kutakakokula muda uliobaki wa maisha yako. Musoma haina shida ya mawe. Yamejaa ufukweni, makubwa kuliko nyumba, na mapanga mengi yamenolewa juu ya ndugu zake wadogo. Wembe hautaki jiwe hilo. Unataka jiwe la punje 1,000 kurudisha umbo, kisha la 4,000 au 5,000, kisha 8,000, kisha 12,000, ambalo ni laini kiasi kwamba ukilipapasa utadhani ni sabuni. Wenye imani kali wanataka jiwe la manjano linalochimbwa Ardennes, Ubelgiji, linalosaga kwa chembe ndogo za madini ya ganeti. Utagundua kwamba jiwe lina bei kubwa kuliko wembe. Utagundua vilevile kwamba mawe hayo nayo yanauzwa mnadani, yakiwa yamevunjika, kwa bei nafuu.

Kitu kimoja tu utakipata nyumbani, nacho ni mkanda wa ngozi wa kulainishia makali. Mkoa huu una ng'ombe. Mwombe mzee akupatie ngozi, usimwambie ya nini.

Chonde, usimpelekee wembe wako fundi wa kunoa visu mwenye baiskeli. Si kwamba hajui kazi. Kisu cha samaki atakachokunolea kitapasua sangara wa kilo kumi bila kusita. Lakini gurudumu lake linazunguka kwa kasi, na makali haya ni membamba mno. Yanapata moto kwa nukta moja, yanageuka rangi ya samawati, na chuma kilichogeuka rangi hiyo kimepoteza ugumu wake. Hakitashika makali tena hadi kikatwe sehemu ile yote. Kwanza atakuuliza, "Mzee wangu, hiki ni kisu cha nini?" Utamjibu ni cha ndevu. Atakutazama kidevu, nywele zako nne, na kwa heshima ataendelea kukanyaga pedeli.

Kinyozi naye atakukatalia, tena kwa haraka zaidi. "Hicho mimi sikigusi, bosi." Ana sababu. Tangu UKIMWI na homa ya ini B vitufundishe adabu, kinyozi makini anafungua wembe mpya mbele ya macho yako na kuutupa ukimaliza kunyolewa. Wembe uliopita kwenye mashavu ya watu wasiojulikana tangu enzi za Victoria, wenye mashimo ambamo uchafu unajificha, hauwezi kuingia kwenye saluni yake hata ukiuchemsha pamoja na makande. Hivyo utajinyoa mwenyewe. Vuta ngozi, laza wembe pembe ya nyuzi thelathini hivi, anza na shavu, koromeo uliache hadi mwakani. Kikao cha Jumatatu utakwenda na plasta.

Kufikia hapa baadhi ya wasomaji watasema kwa nini tuhangaike na Ohio, si tununue nyembe za kale hapahapa? Zinaweza kuwapo, na hatari yake ni ya aina nyingine: hapa mwenye wembe anauza hadithi. Ataapa kwamba huu uliachwa na Mjerumani wa ngome ya Ikoma. Na ukifika Butiama ukiwa na sura ya mtu anayetafuta vitu vya kale, kabla hujamaliza kuulizia njia ya Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, mtu anaweza kukuvuta pembeni na kukunong'oneza kwamba wembe huu ndio uliochonga zile sharubu fupi. Mwalimu alirudi nao kutoka Edinburgh mwaka 1952. Mwaka ni sahihi, na Edinburgh ni sahihi. Sharubu zipo kwenye noti ya shilingi elfu, kila mtu anaweza kuzikagua. Kilichobaki bila ushahidi ni wembe tu. Ohio angalau walikwambia hawajui.

Mwisho wa yote utauza, kama walivyouza wote waliokutangulia. Subiri Jumapili. Pakaa mafuta, piga picha tatu, ya kwanza ukiwa umefungwa, ya tatu kwa mwanga wa dirisha la upande wa ziwa. Mgongo usionekane. Andika kwamba umetoka kwenye mkusanyiko binafsi wa Musoma, una alama za umri, unauzwa kama ulivyo, na kwamba wewe si mtaalamu wa nyembe, maneno ambayo safari hii yatakuwa uongo pekee kwenye tangazo zima. Yule wa Bunda atapiga simu kabla ya saa nne usiku. Akiuliza habari za ufa, mwambie picha ni sehemu ya maelezo. Akisema anakuja na basi la asubuhi auone kwa macho yake na kuugusa kwa ukucha, mwambie umeshapata mteja.